Mwalimu, Papa na mitaa ya Kariakoo

Kuna hoja hairuki kijiweni tukianza kumzungumzia Nyerere: kwamba Ujamaa aliuchukua kanisani, akaubadilisha jina, akatuletea sisi. Wengine wanalisema hilo kwa kumsifu, wengine kwa kumlaumu. Mimi naona pande zote mbili zimeisahau Kariakoo.

Tuanze na tarehe. Azimio la Arusha lilitangazwa 5 Februari 1967. Waraka wa Papa Paulo VI kuhusu maendeleo ya watu, Populorum Progressio, ulitoka 26 Machi mwaka huohuo, yaani siku 49 baadaye. Kwa hiyo Mwalimu hakuunakili. Isitoshe, maandishi yake kuhusu Ujamaa yalianza kutoka 1962.

Nyaraka za zamani, kwa upande wao, zilikuwa zinambana. Mwaka 1891 Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum, alidai mfanyakazi alipwe mshahara wa haki, lakini akaukataa usoshalisti na kutetea haki ya mtu kumiliki mali. Mwaka 1931 Papa Pius XI akakaza kamba zaidi: huwezi kuwa Mkatoliki mwema na wakati huohuo msoshalisti wa kweli. Sasa mfikirie Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa 1943, mtu wa misa hasa, anasimama mbele ya taifa na kutaifisha mabenki. Alipata wapi ujasiri huo?

Jibu langu ni mjini. TANU ilipoanzishwa 7 Julai 1954, Mwalimu alikuwa anafundisha shule ya Wakatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu. Mwaka 1955 akaacha ualimu. Waliompokea na kumtambulisha kwa watu ni akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed na Sheikh Hassan bin Ameir, Waislamu wa Kariakoo na mitaa ya jirani. Ofisi ya chama ilikuwa New Street, leo Lumumba. Mbele ya watu hao huwezi kusimama na nyaraka za Papa mkononi. Unatafuta neno ambalo shekhe na katekista wote wanalielewa bila mkalimani. Ujamaa, maana yake undugu wa watu wa nyumba moja, lilikuwa neno hilo. Imani yake ilimpa dhamira, hilo silikatai. Lugha ya kuisemea aliipata mtaani.

Na Kanisa nalo lilikuwa linasogea. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya 1965 kuhusu Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulisema mali za dunia zimeumbwa kwa ajili ya watu wote. Paulo VI akaongeza kwamba haki ya kumiliki mali ina mipaka: hakuna mwenye haki ya kujilimbikizia ziada wakati wenzake wanakosa mahitaji ya lazima. Kisha Sheria ya Elimu ya 1969 ikazichukua shule za misheni, Pugu ikiwemo. Kanisa likaonja kwa vitendo fundisho lake lenyewe.

Oktoba 1970, akiwa New York mbele ya masista wa Maryknoll, Mwalimu alisema wazi: Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, litakosa maana kwa binadamu, na dini itabaki ushirikina wa waoga.

Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa 2005, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu. Ninachohofia ni tumgeuze picha ya ukutani, tumwombee na kumwomba, huku lile swali la 1970 tumelifungia kabatini. Mwishoni mwa 2021 machinga waliondolewa kandokando ya barabara za Kariakoo. Wapo waliofurahi kupata njia ya kupita, na wapo waliopoteza mkate wa siku. Barabara ni mali ya umma, fremu ni mali ya mwenye fremu, na mama mwenye beseni la nyanya ana watoto wa kulisha. Nani mwenye haki ya kwanza? Waraka wa 1967 una la kusema hapo, na Azimio vilevile.

Wadau Wakatoliki, mara ya mwisho kulisikia swali hilo kwenye mahubiri ilikuwa lini? Na wadau Waislamu, kwenye hotuba ya Ijumaa je?