Kati ya Lissu na Nshala

Taja wanasheria na Bulyanhulu katika kijiwe chochote cha Kakola au Kahama, majina yatakayokuja ni mawili: Tundu Lissu na Rugemeleza Nshala. Wanastahili. Wachimbaji wadogo walipoondolewa kwenye machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu mwaka 1996, LEAT, chama chao cha wanasheria wa mazingira, ndicho kilichoshupalia madai kwamba wapo waliofukiwa hai mashimoni. Serikali na kampuni ya mgodi zikakana, polisi wakapekua ofisi za LEAT, mashtaka ya uchochezi yakafuata. Hayo yanajulikana.

Linalokera ni hitimisho linalochomolewa humo: kwamba katika sheria za nchi hii waliosema bila woga ni wanaume, huku wanawake wakishika mirathi na ndoa. Kana kwamba mirathi ni kazi ya kupoza muda!

Mwenye kuamini hivyo asome hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2006, ambayo ni nadra kuisikia ikitajwa hata Shinyanga kwenyewe. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka mkoa huo, wakisaidiwa na Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake (WLAC), walipinga kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, ambazo huwanyima wajane urithi wa waume zao. Mahakama ilikiri kwamba kanuni zinabagua, kisha ikakataa kuzigusa. Mwaka 2010 rufaa ikakwama kwa sababu ya tarehe iliyokosewa kwenye hati. Shauri likapelekwa Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia haki za wanawake ikatamka kwamba Tanzania iliwakosea wajane wale.

Wala si mirathi peke yake: Julie Manning alikuwa Waziri wa Sheria tangu 1975, kwa hiyo viti vya juu havikuwa vigeni kwa wanawake. Lakini viti ni rahisi kuvihesabu; kauli zisizo na woga ndizo husahaulika.

Majina yale mawili ya Bulyanhulu yanakutana tena katika urais wa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS): Lissu alichaguliwa 2017, Nshala 2019. Katikati yao, 2018, yupo Fatma Karume. Alipomaliza muda wake alikuwa wakili wa Ado Shaibu wa ACT-Wazalendo, aliyepinga uteuzi wa Adelardus Kilangi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Septemba 2019 Mahakama Kuu ililitupa shauri hilo, na papo hapo ikamsimamisha Karume uwakili Tanzania Bara kwa maneno aliyoyaandika katika hoja zake. Hayakuwa maneno ya jukwaani. Yalikuwa ndani ya nyaraka za kesi, mahali ambapo wakili ameajiriwa kusema. Mwaka mmoja baadaye Kamati ya Mawakili ikamfuta kabisa katika orodha, uamuzi ambao Mahakama Kuu ilikuja kuubatilisha mwaka 2021.

Wapo wasemao jinsia haikuhusika katika adhabu hiyo, na hoja yao nzito ni Lissu mwenyewe, aliyemiminiwa risasi Dodoma Septemba 2017. Ni kweli, ukali wa zama zile haukuchagua. Wasemao kwamba lilikuwa suala la adabu tu hawana haja ya kujibiwa kwa urefu. Adabu ni neno linalonyooshwa kwa wanawake upesi kuliko kwa wanaume. Wakili mwanamume akitoa kauli kali husemwa ana msimamo. Mwanamke akiitoa hiyohiyo, ana mdomo, na maswali yanahamia kwenye ukoo wake. Huyu, mjukuu wa Abeid Amani Karume, aliyasikia ya kutosha.

Mitandaoni walimwita Shangazi, na jina lilimkaa. Katika familia nyingi shangazi ndiye mwanamke mwenye ruhusa ya kumkaripia kaka yake mbele ya watoto bila mtu kumwambia anyamaze. Mahakamani ruhusa hiyo haikuwapo.

Siku anasimamishwa, urais wa TLS ulikuwa kwa Nshala, yuleyule wa Bulyanhulu, aliyempokea yeye kiti hicho miezi mitano kabla.