Kezilahabi, Euphrase

Euphrase Kezilahabi (13 Aprili 1944 – 9 Januari 2020) alikuwa mwandishi wa riwaya, mshairi na msomi wa Tanzania. Alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe. Alisoma katika seminari ya Nyegezi, Mwanza, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha.

Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika (1971), ilizua zogo. Zakaria, baba mlevi asiyejali familia, anamcharaza bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Binti huyo anakua akiwaogopa wanaume, na akishatoka mikononi mwa baba, uhuru unamponza. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, halafu kikaja kuwa cha kutahiniwa. Kikafuatiwa na Kichwamaji (1974), Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979), inayousaili ujamaa vijijini.

Katika ushairi alivunja mwiko. Shairi la kimapokeo huwa na mizani 16 katika kila mshororo, minane kila upande, na vina katikati na mwishoni. Diwani yake Kichomi (1974) iliacha yote hayo: mistari mirefu ikachanganyika na mifupi, na lugha ikawa ya mazungumzo ya kila siku. Wanamapokeo wakang'aka kwamba hayo si mashairi. Wanamabadiliko, wakiwemo M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, wakasimama upande wa pili, na malumbano yakaendelea kwa miaka.

Mwaka 1985 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi.

Matunda ya fikra hizo yanaonekana katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), vitabu vyembamba ambamo hadithi, ndoto, visasili, Biblia na mjadala wa kifalsafa vinapishana bila mpaka. Msimulizi wa Nagona anasafiri kutafuta ukweli katika ulimwengu usiofuata mantiki ya kawaida, na nathari yake mara nyingi inasomeka kama ushairi.

Kezilahabi alimalizia kazi ya ualimu Chuo Kikuu cha Botswana. Diwani yake ya tatu, Dhifa, ilitoka mwaka 2008, baada ya Karibu Ndani (1988). Msomaji mgeni aanze na Rosa Mistika. Nagona aisome polepole, tena zaidi ya mara moja.