Insha Iliyotungwa Kabla ya Swali

Wachina waliamini mapema kuliko mataifa mengine kwamba mtu anaweza kupimwa kwa kalamu kabla ya kukabidhiwa wilaya aitawale. Mitihani yao ya kuwapata maofisa wa serikali ilianza yapata mwaka 605, zama za utawala wa Sui, ikafutwa mwaka 1905. Ni miaka 1,300. Katika muda huo koo za kifalme ziliinuka na kuanguka, wageni wakaja wakatawala, lakini mtihani, ijapokuwa ulisimamishwa mara kadhaa, ulirudi kila mara. Naona historia yake inamfaa sana kijana anayejiandaa kwa insha ya kuombea kazi serikalini, na inawafaa zaidi wazee wanaoutunga mtihani huo.

Tuanze na sifa yake, maana si ndogo. Katika zama za Song, zilizoanza mwaka 960, jina la mtahiniwa lilifunikwa, kisha makarani wakainakili kazi yake yote upya ili msahihishaji asiutambue mwandiko. Mtoto wa waziri na mtoto wa mkulima wakafika mbele ya msahihishaji wote wawili wakiwa hawana baba. Ni kweli kwamba mkulima aliyemudu kumsomesha mtoto miaka kumi na zaidi bila kumpa jembe alikuwa nadra. Walakini mlango ulikuwapo, na waliopita walijulikana.

Sisi wa Tanganyika tunaweza kuipima sifa hiyo kwa kuilinganisha na yaliyotupata. Waingereza walianza mwaka 1855 kutumia mtihani wa ushindani kuwapata maofisa wa kuitawala India. Lakini mabwana shauri waliotumwa kwetu hawakupitia mlango huo. Walichaguliwa London kwa mahojiano na kwa barua za waliowafahamu: kijana amesoma shule gani, amelelewa vipi, ana haiba gani. Mtihani unaoficha jina ni jambo la heshima, na asiyeliona hilo hajawahi kusimama mlangoni pa ofisi ambamo hana ndugu.

Basi kasoro iliingilia wapi? Iliingia katika maandalizi.

Wenye karatasi maelfu ya kusahihisha hutafuta kipimo kisichobishaniwa. Katika zama za Ming, zilizoanza mwaka 1368, kipimo hicho kiligeuka kuwa umbo. Mtahiniwa alipewa kifungu kutoka vitabu vya kale vya Confucius na wafuasi wake, akatakiwa kukifafanua kwa insha ya sehemu nane, sentensi zikienda mbili mbili kwa mizani kama mabega ya mchukuzi. Wachina waliiita insha ya miguu minane. Aliandika kana kwamba ni mwenye hekima wa kale anayesema; maoni yake mwenyewe hayakuulizwa. Nia ilikuwa haki: kila mmoja apimwe kwa kibaba kile kile. Lakini kitu kinachopimika kwa urahisi hukaririka kwa urahisi pia. Wauza vitabu wakachapisha insha za waliofaulu, na vijana wakaziacha kurasa za wahenga wakakariri hizo.

Msomi Gu Yanwu, aliyeishi kati ya mwaka 1613 na 1682, alieleza jinsi matajiri walivyofanya. Vifungu vinavyoweza kuulizwa vilikuwa si vingi. Basi tajiri alimwajiri msomi hodari, akatunga insha kwa kila kifungu kilichotazamiwa, na mtoto wa nyumba akazimeza zote. Siku ya mtihani aliandika alichokikariri, na mara nyingi swali lilikuja lile lile. Gu aliona kwamba madhara ya insha hiyo hayakupungua yale ya kuchomwa vitabu na mfalme wa kwanza wa Qin. Jina lilifunikwa vizuri, lakini mali ilikwisha kupita kwa mlango wa nyuma.

Wasio na mali waliendelea kujaribu. Huko Nanjing uwanja wa mtihani ulifikia kuwa na vijumba zaidi ya 20,000, kila kimoja cha mtu mmoja, na mbao zake za kukalia na kuandikia ndizo zilizokuwa kitanda usiku. Waliofaulu ngazi ya jimbo walikuwa wachache mno, na walioshindwa walirudi tena na tena hadi mvi. Mmoja wao, Hong Xiuquan, alishindwa mara nne huko Guangzhou, mara ya mwisho mwaka 1843. Baada ya kushindwa mara ya tatu aliugua akaona maono, na baadaye akajitangaza kuwa mdogo wake Yesu. Uasi aliouongoza, wa Taiping, ulimalizwa mwaka 1864, na wanahistoria wengi hukadiria kuwa watu wapatao milioni 20 walipoteza maisha. Sisemi kwamba insha iliwaua. Njaa, kodi na utawala dhaifu vilikuwamo. Nasema tu kwamba nchi iliyowafundisha maelfu ya vijana kuwa mlango ni mmoja ilipaswa kujiuliza wanakwenda wapi wanaofungiwa.

Mitihani ya namna hii haijafa. India hadi leo huwapata maofisa wake wakuu kwa mtihani wenye karatasi ya insha, insha mbili kwa saa tatu, na Delhi kuna mitaa inayoishi kwa vituo vya kuwafunza watahiniwa. Siwalaumu. Anayekwenda vitani hachagui kwenda bila ngao, na kujua mpangilio wa insha si dhambi.

Lakini ofisa hupelekwa kwenye wilaya ambayo matatizo yake hayakuchapishwa katika kitabu chochote cha majibu. Mto utafurika mwaka usiotazamiwa, wakulima na wafugaji watagombana kwa sababu mpya. Hapo ndipo itakapojulikana kama alizoea kulisikiliza swali, au alizoea kulisubiri lifanane na jibu alilokwisha kulibeba. Kijana anayejiandaa ajitenge jioni moja, achukue jambo ambalo hajasoma insha yake popote, aliandikie kurasa tatu. Zitakuwa mbovu. Lakini zitakuwa zake, na serikali inayomhitaji mtu, wala si kasuku, inazihitaji hizo.