Mwaka ambao Kotoko hawakutokea uwanjani

Baba mkubwa wangu amepita miaka 80. Anakaa Kikula, hapa Likasi, na ukimwuliza jana alikula nini atakuomba umpe nafasi akumbuke. Lakini mtajie Englebert ya mwaka 1967. Atasogeza kiti kivulini, atapangusa miwani, na ataanza na golikipa.

"Kazadi," atasema. Kisha atanyamaza kidogo, kama mtu aliyetaja jina la ndugu yake.

Huyo ni Robert Kazadi Mwamba, na mbele yake uwanjani alikuwamo Pierre Kalala, mfungaji ambaye mzee humtaja kwa kunyoosha mguu wa kulia hata akiwa amekaa. Timu ilikuwa ya Lubumbashi, kilomita 120 hivi kutoka hapa, lakini watu wa Likasi waliihesabu kuwa yao. Reli ilikuwa moja, shaba ilikuwa moja, na tajiri alikuwa mmoja.

Tajiri huyo alikuwa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Mwanzoni ilichukua vijana kutoka mbali kwa mikataba mifupi, nao wakawa wanatoroka na kufa kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili njia: mfanyakazi aje na mke, apewe nyumba kambini, posho, zahanati, shule ya watoto. Uwanja wa mupira nao ukaja na hayo. Mabwana walitaka Jumapili ya mfanyakazi iishe uwanjani, isiishie kwenye mikutano. Na mapadre Wabenedikto walitaka vijana wa misheni wawe na mchezo wa heshima. Mwaka 1939 wakaanzisha huko Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, timu ambayo baadaye ilibeba jina la Englebert, kampuni ya Ubelgiji ya matairi. Mwaka huohuo wa 1939 ilizaliwa pia Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli. Hadi leo nyumba nyingi za Katanga zina mtu wa huku na mtu wa kule, na siku ya mechi yao hawali sahani moja.

Hesabu ya mabwana haikutimia yote. Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai mshahara uongezwe. Wale wa Élisabethville walikusanyika uwanjani, kwenye uwanja uleule wa mupira, na askari wakawafyatulia risasi. Makumi walikufa. Baba mkubwa hakuwa amezaliwa, lakini anasema baba yake hakukaa kamwe kwenye nyasi za uwanja ule. Alisimama mpaka filimbi ya mwisho.

Hadithi ya michezo na wachimbaji si yetu peke yetu. Kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1895, vilabu vya miji ya makaa ya mawe na viwanda vya nguo vilikutana Huddersfield vikajitoa katika chama cha raga, kwa sababu wakubwa wa mchezo walikataa mchimbaji alipwe fidia ya mshahara anaoukosa anapokwenda kucheza. Hapo ndipo ilipozaliwa raga ambayo leo huchezwa na wachezaji 13. Na mwaka 1967 kombe lao kubwa lilichukuliwa na Featherstone, mji mdogo wa wachimbaji. Naamini huko nako yupo mzee anayesogeza kiti kivulini.

Kwetu, 1967 ulianza kwa serikali kuichukua Union Minière. Mji nao ulikuwa umevua jina la Jadotville mwaka uliotangulia na kuitwa Likasi. Vita vya kujitenga kwa Katanga vilikuwa bado vibichi: Septemba 1961 askari wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa walizingirwa hapahapa siku kadhaa mpaka wakajisalimisha, na Januari 1963 majeshi ya Umoja huo yakaingia mjini. Watu walikuwa wamechoka kuulizwa wewe ni wa nani. Englebert iliwapa jibu ambalo halikumchinja mtu.

Fainali ya kombe la vilabu vya Afrika iliwakutanisha na Asante Kotoko ya Ghana. Kumasi ilikuwa 1-1, Kinshasa 2-2. Ikaamuliwa warudiane Cameroon, lakini Kotoko hawakutokea. Habari haikuwafikia kutoka kwa chama chao. Englebert wakapewa kombe. Baba mkubwa hapendi ushindi huo uitwe wa mezani. Anasema walioshika sare Kumasi walikuwa na haki ya kushika chochote. Anaongeza haraka kwamba mwaka uliofuata walilitwaa tena, safari hii kwa mabao, 6-4 kwa jumla dhidi ya Étoile Filante ya Lomé. Fainali mbili zilizofuata walizipoteza. Ile ya pili walifungwa na Kotoko walewale, hukohuko Kinshasa, na hiyo huieleza kwa sentensi moja tu.

Januari 1968 Kalala alifunga bao pekee la fainali ya mataifa ya Afrika dhidi ya Ghana mjini Addis Ababa, na Kongo ikawa bingwa wa Afrika kwa mara ya kwanza. Mzee aliisikia mechi hiyo redioni, kwa jirani, wanaume kumi na kitu wakigombea nafasi ya sikio.

Kinachomkasirisha ni kicheko cha Kombe la Dunia la 1974. Dunia bado inacheka picha ya Mwepu Ilunga wa Mazembe, ndiyo Englebert kwa jina jipya, akitoka ukutani na kuubutua mpira wa adhabu ambao Brazil walikuwa hawajaupiga. Mwepu mwenyewe alieleza baadaye kwamba wachezaji hawakulipwa ahadi zao, na kwamba baada ya kufungwa 9-0 na Yugoslavia walitishwa na watu wa rais Mobutu. "Yule alijua sheria kuliko wanaomucheka," baba mkubwa huniambia. "Andika hivyo, mwanangu."

Nimeandika.

Kuna sehemu ambayo hataki kuikalia. Mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, maelfu kwa maelfu, wakalala kituo cha reli wiki baada ya wiki wakisubiri treni. Wengi walizaliwa hapa. Wengi walikuwa wamesimama naye uwanjani, wakiimba majina ya wachezaji ambayo nusu yake yalikuwa ya Kasai. Jirani mwenye redio ile ya 1968 alikuwa mmoja wao. Baba mkubwa alimsindikiza kituoni na hakumwona tena.

Siku hizi timu yetu ya Panda B52 inacheza kwenye uwanja wa Kikula na vijana wanajaa. Wanamjua kila mchezaji wa Ulaya. Kazadi wengi wao hawamjui.

Msomaji wa Likasi, na wewe uliyeondoka Likasi ukiwa umebeba mtoto na godoro: kama nyumbani kuna mzee aliyeziona mechi zile, kaa naye Jumapili hii. Chukua kalamu, andika kikosi anachokitaja, na nyuma ya kila picha andika majina ya waliosimama.