KIKAVA CHEUSI CHA ALTEZZA: Historia ya plastiki inayoua injini Kakola

Leo tunapumzika na habari za nani kaachwa na nani kanunua nini. Tunapiga historia, ila usikimbie, historia yenyewe ni ya ndinga. Tena sio ndinga nzima. Ni ya kile kikava cha plastiki mbele ya injini ya Altezza, Mark II au Subaru Impreza, kile ambacho kikivunjika fundi anakitupa pembeni na kukwambia, "Bosi, hiki hakina kazi."

Kina kazi. Na huku kwetu Bulyanhulu kazi yake inaonekana kuliko mjini.

MKANDA ULITOKA WAPI?

Injini ina shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, na shafti ya juu inayofungua valvu. Lazima zizunguke kwa mpangilio mmoja, zikipishana tu ni msiba. Zamani ziliunganishwa kwa gia au mnyororo wa chuma. Mnyororo unaishi kwenye oili, kwa hiyo kava lake lilikuwa la chuma, limezibwa oili isitoke.

Mwaka 1954 Mmarekani Bill Devin akaweka mkanda wenye meno kwenye magari yake madogo ya mashindano. Mwaka 1962 kampuni ya Glas ya Ujerumani ikaanza kutoa Glas 1004, gari la kwanza kutengenezwa kwa wingi likiwa na mkanda wa taimingi. Mwaka 1966 ikaja Fiat 124 Sport, injini yake kaichora Aurelio Lampredi, mzee ambaye nyuma alichora injini za Ferrari. Na 1973 Ferrari wenyewe wakaingia kundini na 365 GT4 BB. Kwa hiyo anayesema mkanda ni mambo ya gari za bei rahisi, mwonyeshe hapa.

Mkanda hauna kelele, ni mwepesi na hautaki oili. Na kwa sababu hautaki oili, kava lake halihitaji kuzuia kitu kutoka. Linazuia vitu kuingia: mawe, vumbi, maji, matone ya oili. Kazi hiyo plastiki inaiweza. Hapo ndipo kikava chetu kilipozaliwa.

ALTEZZA NA STIKA YA MJAPANI

Toyota Altezza ilitoka 1998 na ikabeba tuzo ya Gari la Mwaka Japani ya 1998-1999. Ilikuwa na injini mbili za kuchagua, 1G-FE ya pistoni sita na 3S-GE ya pistoni nne, zote lita mbili na zote za mkanda. Kule Japani utaratibu ni kubadilisha mkanda kila kilomita 100,000.

Sasa sikia hii. Fundi wa Kijapani akishabadilisha mkanda anabandika stika kwenye injini, mara nyingi juu ya kava lenyewe, yenye tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuandikwa kwa kalenda yao ya Heisei. Ukikuta 22, jumlisha 1988, unapata 2010. Odomita inaweza kuchezewa na wajanja, ila stika wengi wanaisahau. Yaani kile kikava ndio cheti cha kliniki cha gari lako.

ZIMEFIKAJE HUKU?

Wazee wetu wanajua, enzi za Mwalimu kununua gari binafsi nje halikuwa jambo la kuamka tu ukaamua. Milango ya biashara ilianza kulegezwa 1984, na Mzee Mwinyi alipoingia Ikulu 1985 ikafunguka zaidi, mpaka watu wakambatiza Mzee Ruksa. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani upo kulia, basi mitumba ikapata njia.

Huku kwetu hela ililetwa na dhahabu. Wachimbaji wadogo walijaa Bulyanhulu miaka ya 90 mwanzoni, wakaondolewa 1996, na hilo bado linauma watu mpaka leo. Mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji 2001. Mishahara ikaja, madalali wakaja, Kahama ikachangamka, na kijana akipata hela ya kwanza anataka mchuma unaonguruma.

Halafu ikaja 2017, makinikia yakazuiwa kwenda nje, mgodi ukapunguza shughuli na watu wakapunguzwa kazi. Mfuko ukikauka, kitu cha kwanza kuahirishwa ni sevisi. Gari linawaka? Twende. Mkanda wa kilomita 100,000 unasukumwa tu.

KAVA LINAKUFAJE?

Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani 2005. Plastiki yake imepikwa na joto la injini na kupoa maelfu ya mara, imenyweshwa mvuke wa oili, mpaka imekuwa kama biskuti. Fundi akigusa tu, sikio la bolti linakatika. Na mpira unaoziba ukingoni ulishakauka zamani.

Mjini unaweza kubahatika. Lakini barabara ya Kahama kwenda Kakola kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na kokoto. Kuna dalali mmoja wa dhahabu, jina kapuni maana mnamjua, mzee wa kofia. Altezza yake ilikuwa ya 3S-GE. Kava lilivunjika, likatupwa, maisha yakaendelea. Siku moja kokoto ikaingia kati ya mkanda na puli, mkanda ukaruka meno. Kwenye 3S-GE hapo hakuna msamaha, pistoni zinakutana na valvu zikiwa wazi. Valvu zikapinda. Alichookoa kwa kutonunua kava kikageuka safari ya Dar kutafuta injini nyingine ya mtumba. Mpaka leo anapanda bodaboda.

Najua kuna washikaji watasema magari ya mashindano mbona yanatembea bila kava. Kweli yapo, ila wenyewe wanakagua mkanda kila mara. Wewe unakagua lini, mtu wangu?

UFANYE NINI?

Moja, badilisha kava siku ile ile ya mkanda. Kava la chini halitoki mpaka puli ya shafti ya chini itolewe, kwa hiyo kazi ni ile ile na ufundi unalipa mara moja. Siku hiyo cheki pia rola, tensiona, pampu ya maji na sili za oili.

Mbili, ukinunua kava la mtumba Kariakoo au Ilala, likunje kidogo kabla ya kulipa. Likilia "kra", rudisha, huko ni kununua uzee mwingine. Hakikisha ni la injini yako kabisa, la 1G-FE halikai kwenye 3S-GE. Dai na mpira wa ukingoni.

Tatu, bolti zake ni vidogo vya spana namba 10. Zikazwe kwa mkono wa adabu, sio kama nati za Fuso.

Nne, piga picha stika ya zamani kabla kava halijatupwa, kisha bandika yako: tarehe na kilomita.

Mwaka 2004 Toyota walileta Mark X yenye mnyororo, na zama za mkanda zikazidi kufifia. Kava zima za Altezza zinazidi kuwa adimu kila mwaka, kwa hiyo ukipata zima leo, chukua, weka ndani.

Haya, wenye Altezza, Verossa na Subaru mpo? Fungua boneti, soma stika, dondosha hapo chini imeandikwa mwaka gani. Na kama kava halipo kabisa, sema ukweli, hatukucheki. Sana.