Meya wa Miaka Ishirini na Kiti cha Babu



Mtakaofika Thornhill kwa mkutano wetu mtaambiwa kuwa mko Toronto. Kwa hakika mko nje ya mpaka wake. Thornhill ni kijiji cha kale kilichokuwa na wasimamizi wake wa kuchaguliwa tangu mwaka 1931. Mwaka 1971, Mkoa wa York ulipoundwa, usimamizi huo ulifutwa. Magharibi ya barabara ya Yonge ikawa ya Vaughan, mashariki ikawa ya Markham. Ndiyo maana shemeji yangu, aliye ng'ambo ya barabara, ana meya wake nami nina wangu.

Nilipohamia hapa mwaka 1991, meya wa Vaughan alikuwa Bi. Lorna Jackson. Alishika umeya mwaka 1982 na kubaki nao hadi alipofariki mwaka 2002. Mwaka 1981 Vaughan ilikuwa na watu wapatao 30,000. Sensa ya 2001 ilihesabu zaidi ya 182,000. Mashamba yaligeuka mitaa, na mwaka 1991 mji ukawa jiji. Kwa umeya wake aliketi pia katika Baraza la Mkoa wa York, lenye dhamana ya polisi, maji na afya ya jamii, ilhali jiji linaangalia zimamoto, maktaba na bustani.

Nakiri kwamba nilimtilia shaka. Nilitoka nyumbani nikiamini kuwa akaaye sana madarakani amewafungia wenziwe mlango. Nilikosea. Katika miaka hiyo muhula ulikuwa wa miaka 3, na kila ulipokwisha ilimpasa kurudi kwa wapiga kura. Aliyesifu ukuaji wa mji na aliyesikitikia mashamba, wote walikuwa na siku ya kutoa hukumu.

Hapo namkumbuka Babu yetu. Wazee watakumbuka kuwa alikuwa diwani mpaka mwaka 1972, serikali ilipovunja halmashauri na kuyapeleka madaraka mikoani. Hakushindwa kwa kura. Kiti chenyewe kiliondolewa. Mwaka 1982, mwaka ule ule Bi. Jackson aliposhika umeya, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria za kuzirudisha serikali za mitaa, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Nilikuwa karani kijana katika mojawapo, mkoani Tanga. Siku ya kikao cha kwanza Babu alikuja kwa miguu, akaketi nyuma, asiseme neno, hadi mwenyekiti alipofunga kikao.

Sasa nageukia aibu yangu. Nilipata uraia wa Kanada kabla ya uchaguzi wa 1997, nami siku hiyo sikwenda kupiga kura. Nilijiambia kuwa mambo ya taka na mabomba ya maji ni ya wenyeji. Nimeyasikia maneno hayo hayo kwa wanangu, na sina haki ya kuwakemea kwa kuwa waliyajifunza kwangu.

Basi naiomba jamaa yetu jambo moja. Mwenye uraia na umri wa miaka 18 ana kura katika jiji lake, na tangu mwaka 2006 muhula ni wa miaka 4. Oktoba ya uchaguzi ikifika, twende pamoja, wa Vaughan na wa Markham. Vikao vya baraza navyo viko wazi kwa umma. Mimi nitakuwa nimeketi nyuma, alipopenda Babu, atakayekuja atanikuta.