Ukataji wa duara dogo kwa ruta

Ukataji wa duara dogo kwa ruta ni mbinu ya useremala ambapo mashine huzungushwa kwenye pini iliyosimama katikati ya duara. Duara likiwa dogo, pini huangukia chini ya kitako chenyewe cha mashine. Hivyo seremala hufunga kitako cha ziada cha plaiwudi na kukitoboa tundu la pini. Usahihi wote umo katika kipimo hiki: kwa kisahani chenye kipenyo cha milimita 80, hupimwa milimita 40 kutoka katikati ya pini hadi ukingo wa karibu wa biti, yaani kisu cha mashine; kwa shimo la kipenyo hicho, hupimwa hadi ukingo wa mbali. Ubao hukatwa kidogokidogo, milimita 3 hivi kila mzunguko. Kisahani kishikizwe kwa tepu yenye gundi pande mbili, la sivyo huchomoka mwishoni na kuliwa na biti.